Jina la Nani Liandikwe Kwenye Kibali: Uchambuzi wa Kisa cha Kuezeka Upya Nyumba Moja Kusini mwa Miami-Dade

Mwezi Februari, mwenye nyumba mmoja wa mji wa Cutler Bay, kusini mwa kaunti ya Miami-Dade katika jimbo la Florida, alipokea barua kutoka kampuni yake ya bima iliyomjulisha kwamba muda wa bima ukiisha hautahuishwa, kwa kuwa paa la nyumba yake limechakaa. Mwenye nyumba huyo ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, na nyumba yenyewe ni ya chini isiyo na ghorofa, iliyojengwa mwaka 1979 kwa matofali ya zege, yenye kenchi za mbao, plaiwudi juu ya kenchi, na vigae vya lami juu ya plaiwudi. Nyuma kuna chumba kilichoongezwa na mmiliki wa awali katika miaka ya 1980, chenye paa ambalo karibu ni bapa. Kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa sababu karibu kila kifungu cha kanuni za kuezeka upya katika eneo hilo kilimgusa, na pia kwa sababu uamuzi uliokuwa mzito kuliko yote haukuhusu mabati wala misumari. Ulihusu jina la mtu atakayejaza na kusaini ombi la kibali.

Kwanza ni barua yenyewe. Sheria ya Florida iliyopitishwa mwaka 2022 inaizuia kampuni ya bima kukataa kuhuisha bima kwa sababu ya umri wa paa peke yake ikiwa paa hilo halijafikisha miaka 15. Likishafikisha umri huo, mwenye nyumba ana haki ya kulipa mkaguzi aliyeidhinishwa alitazame, na mkaguzi akithibitisha kwamba limebakiza miaka mitano au zaidi ya kufaa, umri peke yake hauwezi tena kuwa sababu ya kumkataa. Vigae vya nyumba hii viliwekwa mwaka 2003. Mama huyu alitumia haki yake, akalipia ukaguzi, na majibu hayakumsaidia: chembechembe zinazolinda vigae zilikuwa zimepukutika upande mzima unaotazama kusini, na plaiwudi ilikuwa imelainika katika sehemu mbili karibu na upenu. Kwa hiyo mjadala wa umri ukaishia hapo, na swali likawa ni kazi kiasi gani ifanywe, na ifanywe kabla ya msimu wa vimbunga, ambao kwa hesabu rasmi huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la mtu anayetunza fedha: kubadilisha vigae vya upande wa kusini tu, na kuuacha upande wa kaskazini ambao bado ulionekana mzima. Kanuni haikumruhusu. Katika Florida, ikiwa zaidi ya asilimia 25 ya paa au ya sehemu ya paa inatengenezwa au kubadilishwa ndani ya miezi 12, paa zima, au sehemu hiyo nzima, ni lazima lifikishwe kwenye viwango vya sasa. Mwaka 2022 bunge la jimbo lililegeza sharti hilo kwa mapaa yaliyojengwa au kuezekwa upya kwa kufuata kanuni za mwaka 2007 au za baadaye, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2009. Mapaa hayo yanaruhusiwa kutengenezwa sehemu iliyoharibika tu. Paa la mwaka 2003 halimo katika msamaha huo. Upande mmoja wa paa lenye mbavu mbili ni nusu ya paa, na nusu inaivuka robo kwa mbali, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kisheria ya kuezeka upande mmoja.

Msomaji aliyezoea kuona fundi akipanda juu ya nyumba asubuhi na kushuka jioni akiwa amebadilisha mabati manne anaweza kuona kwamba haya ni masharti ya kumchosha mtu. Chanzo chake kinajulikana vizuri. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, Kimbunga Andrew kiliingia nchi kavu kupitia sehemu hizi hizi za kusini mwa kaunti kikiwa na upepo wa takriban maili 165 kwa saa, yaani kilomita 265. Zaidi ya nyumba 25,000 ziliangamizwa na zaidi ya 100,000 nyingine ziliharibiwa. Wataalamu waliopita katika mitaa iliyobomoka waligundua kwamba mara nyingi upepo haukuanza kwa kubomoa ukuta: ulianza kwa kunyanyua plaiwudi ambayo ilikuwa imeshikizwa kwa pini zilizokosa kenchi kabisa, zikawa zinaning'inia pembeni ya mbao bila kushika kitu. Plaiwudi ikishatoka, mvua huingia, dari huanguka, na kuta za pembetatu za ncha za nyumba hupoteza kilichokuwa kikizishikilia. Kanuni za ujenzi za Florida Kusini zilikazwa mwaka 1994, na jimbo zima likapata kanuni moja iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002. Ndani ya kanuni hiyo, kaunti mbili tu, Miami-Dade na Broward, zimewekwa katika ukanda maalumu wa vimbunga vya kasi kubwa, ambao watu wa kazi huutaja kwa herufi HVHZ. Nyumba ya kawaida ya makazi katika Miami-Dade husanifiwa kwa upepo wa maili 175 kwa saa, takriban kilomita 280.

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa. Mwezekaji wa kwanza aliyefika alipendekezwa na mfanyakazi mwenzake wa hospitali. Alikuwa mwenye adabu, bei yake ilikuwa ya chini kuliko nyingine zote, na alitaka mambo mawili: nusu ya malipo mapema, na mwenye nyumba aombe kibali kwa jina lake mwenyewe, «ili tusipoteze muda na ada za mkandarasi». Alipoulizwa leseni alionyesha cheti cha kodi ya biashara kilichotolewa na kaunti, ambacho kina jina la kampuni, namba na nembo, na ambacho watu wengi hukidhania kuwa leseni ya ukandarasi. Cheti hicho kinathibitisha kwamba mtu amelipa kodi ya kuendesha biashara. Hakisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kuezeka.

Pendekezo la kwamba mwenye nyumba ajiombee kibali halikutoka hewani. Sheria ya Florida inamruhusu mmiliki wa nyumba ya familia moja au mbili, anayeitumia mwenyewe, awe mkandarasi wa nyumba yake bila leseni. Ruhusa hiyo ni ya kweli na wapo wanaoitumia vizuri. Lakini inaambatana na tamko ambalo mwenye nyumba analisaini, na anayelisoma tamko hilo kwa utulivu hugundua jinsi mzigo ulivyo mkubwa. Anakiri kwamba atasimamia kazi yeye mwenyewe, akiwepo mahali pa kazi. Anakiri kwamba hatamwajiri mtu asiye na leseni ili awe mkandarasi wake au msimamizi wa ujenzi wake. Anakiri kwamba kila mfanyakazi asiye na leseni ni mwajiriwa wake, na kwamba ni wajibu wake kumkata kodi, kumchangia hifadhi ya jamii na kumwekea bima ya kuumia kazini. Anakiri pia kwamba akiiuza au kuipangisha nyumba ndani ya mwaka mmoja baada ya kazi kukamilika, sheria itachukulia kwamba aliijenga kwa nia ya kuuza au kupangisha, na hilo ni kosa.

Tukiliweka pendekezo la mwezekaji kando ya tamko hilo, tunaona kwamba alikuwa akimwomba mama huyu asaini maneno ambayo wote wawili walijua si ya kweli. Muuguzi anayefanya zamu za saa 12 hawezi kusimama juu ya paa akisimamia kazi. Msimamizi angekuwa mwezekaji, na mwezekaji hana leseni, na hilo ndilo hasa lililokatazwa. Kuezeka ni miongoni mwa kazi zenye ajali nyingi za kuanguka. Kijana mmoja akiteleza kutoka juu na kuvunjika uti wa mgongo, bima ya kuumia kazini haipo, mwajiri kwa mujibu wa karatasi ni mwenye nyumba, na bima ya nyumba inaweza kudai kwamba haikukusudiwa kwa waajiriwa wa ujenzi. Ni kweli kwamba sheria ya jimbo inamnyima mtu asiye na leseni uwezo wa kutumia mahakama kudai malipo ya mkataba wake, na wapo wanaoliona hilo kuwa kinga ya kutosha kwa mwenye nyumba. Mimi sioni kinga yoyote hapo kwa mtu ambaye ameshalipa nusu ya fedha na sasa anatazama anga kupitia kenchi.

Kuhusu hiyo nusu, sheria ina kipimo ambacho wenye nyumba wachache wanakijua. Mkandarasi akipokea zaidi ya asilimia 10 ya bei ya mkataba kabla ya kazi, anatakiwa kuomba vibali ndani ya siku 30 tangu apokee malipo, na kuanza kazi ndani ya siku 90 tangu vibali vitolewe, isipokuwa ana sababu ya haki au mwenye nyumba amekubali kwa maandishi muda mrefu zaidi. Sheria haikatazi malipo makubwa ya awali, ila inaweka saa ikimbie. Mtu anayetaka nusu ya fedha huku akimwachia mteja kazi ya kuomba kibali amejitoa katika saa hiyo kwa ujanja.

Mama huyu alisita kwa wiki kadhaa, na kusita kwake kunaeleweka. Nyumba ya mama yake kule Kisauni iliezekwa na fundi wa mtaa kwa makubaliano ya mdomo, ambayo yalitimizwa hadi msumari wa mwisho. Alikuwa amejifunza kumpima fundi kwa kazi zake na kwa watu wanaomdhamini, na kwa vipimo hivyo mwezekaji huyu hakuwa mbaya. Kilichomrudisha nyuma ni tamko lenyewe. Aliamua kutafuta mkandarasi mwenye leseni ya jimbo ya uezekaji, ambayo namba yake huanza na herufi CCC, akaihakiki namba hiyo katika rejista ya wazi ya idara ya jimbo inayosimamia taaluma, na akaomba cheti cha bima kitumwe moja kwa moja na wakala wa bima badala ya kupewa nakala na mkandarasi. Bei ilipanda. Nadhani aliamua sawa, na ningesema hivyo hata kama yule wa kwanza angefanya kazi safi.

Mkandarasi alipopatikana, jambo la pili lilikuwa aina ya paa. Mama huyu alivipenda vigae vizito vya zege vilivyo kwenye nyumba nyingi za Miami. Kigae cha zege huliongezea paa uzito mara tatu au zaidi ya vigae vya lami, na kenchi za nyumba hii zilipigiwa hesabu ya vigae vya lami. Ili kibali kitoke, mhandisi mwenye leseni angelazimika kuthibitisha kwamba kenchi zinaweza kubeba uzito mpya, na pengine kuziimarisha. Aliachana na vigae na kuchagua mabati ya mikunjo ya kusimama, yale ambayo vifungo vyake hufichwa ndani ya mkunjo na havitoboi uso wa bati. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki huku ni kurudi nyumbani, ingawa bati hili na lile la mawimbi linalopigiliwa kwa misumari ya kofia hayana undugu wa karibu.

Ombi la kibali cha paa katika ukanda wa HVHZ lina fomu yake ya pekee, na hapa ndipo inapoonekana kwamba paa huamuliwa kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi. Kila bidhaa kuu itakayotumika, kuanzia utando wa lami hadi bati na kifungo chake, lazima iwe na hati ya kukubaliwa, inayojulikana kwa jina la NOA, ambayo hutolewa na kitengo cha kaunti cha udhibiti wa bidhaa baada ya majaribio ya kuinuliwa na upepo, au iwe na idhini ya jimbo inayotaja wazi kwamba inafaa katika ukanda huo. NOA si cheti cha ubora wa jumla. Inasema bati fulani, la upana fulani na unene fulani, likiwekwa juu ya plaiwudi ya unene fulani, kwa vifungo vya aina fulani na umbali fulani kati yake, linahimili shinikizo kiasi fulani na si zaidi. Ina tarehe ya kumalizika. Mkandarasi anatakiwa kuambatanisha kurasa zinazohusika na kuweka alama kwenye mfumo anaokusudia kuutumia.

Upande wa pili wa hesabu ni nyumba. Upepo unapopita juu ya paa hauligandamizi tu; hulivuta juu, na mvuto huo hauko sawa kila mahali. Katikati ya mbavu za paa ni mdogo, kandokando ni mkubwa zaidi, na kwenye pembe ni mkubwa kupita kote. Kwa hiyo fomu inataka urefu wa paa kutoka ardhini, mteremko wake, na shinikizo la kila eneo kati ya haya, na kila shinikizo lilinganishwe na uwezo uliotajwa katika NOA. Matokeo yake ni kwamba bati lile lile huwekewa vifungo vilivyoachana katikati ya paa na vilivyokaribiana zaidi pembeni. Mwezekaji asiyejali, ambaye hutumia nafasi moja kwa paa zima, anaweza kuweka vifungo vingi kuliko vinavyohitajika mahali ambapo upepo ni mpole na vichache mahali ambapo paa huanza kung'oka.

Kulikuwa na kikwazo kidogo cha mahali pa kupeleka ombi. Anwani ya nyumba husema Miami, na kaunti ya Miami-Dade ina ofisi kubwa ya vibali, lakini ofisi hiyo hushughulikia nyumba zilizo nje ya mipaka ya miji. Kaunti ina miji 34 yenye mamlaka yake, na Cutler Bay ni mmojawapo tangu mwaka 2005. Kibali cha nyumba hii hutolewa na mji. Hilo lilisahihishwa upesi.

Kikwazo kikubwa kilitokana na chumba cha nyuma. Ombi la kwanza lilirudishwa na maelezo ya mhakiki kwa sababu lilieleza mabati ya nyumba kuu na halikusema lolote kuhusu lile paa bapa. Mabati ya mikunjo yana mteremko wa chini kabisa unaoruhusiwa na NOA yake, na paa lile halikuufikia. Lilihitaji mfumo mwingine kabisa, wa tabaka za lami, wenye NOA nyingine, sehemu nyingine ya fomu na mchoro wa mahali mifumo miwili inapokutana. Mkandarasi alidhani angeliacha paa hilo jinsi lilivyo, kwa hoja kwamba ni sehemu ya paa inayojitegemea. Kwa kanuni ya asilimia 25 hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa kanuni yenyewe inataja sehemu ya paa. Lakini maungio ya mapaa mawili hayawezi kuezuliwa upande mmoja bila kugusa mwingine, na maji yaliyokuwa yakisimama juu ya paa bapa baada ya kila mvua yalikuwa yameanza kupenya. Waliliingiza katika mkataba, bei ikaongezeka, na ombi likarudi likiwa kamili.

Pamoja na ombi hilo kulikuwa na karatasi ya taarifa kwa mwenye nyumba, ambayo katika ukanda huu lazima isomwe na kuwekwa herufi za mwanzo za jina kwenye kila kipengele. Wengi huisaini bila kuisoma. Inamweleza mwenye nyumba, pamoja na mengine, kwamba kanuni inahusu uimara na haihukumu uzuri wa kazi, hivyo mambo ya rangi na mwonekano ni ya kuandikwa katika mkataba. Kwamba plaiwudi ya zamani itapigiliwa upya. Kwamba maji yanayosimama juu ya paa bapa ni dalili ya kasoro inayohitaji kutazamwa. Na kwamba mahali ambapo upande wa chini wa ubao wa paa ndio dari yenyewe, ncha za misumari zinaweza kuonekana kutoka chini. Nyumba hii ina baraza la mbele la aina hiyo. Kwa kuwa alisoma, mama huyu aliuliza, na mkandarasi akakubali kuandika kwamba baada ya kazi atafunika upande wa chini wa baraza kwa mbao nyembamba. Asingeuliza, angeona ncha za misumari juu ya kiti chake na asingekuwa na mtu wa kumlalamikia.

Kabla ya ukaguzi wa kwanza kulihitajika hati moja zaidi, Notisi ya Kuanza Kazi, ambayo husajiliwa kwa karani wa mahakama wa kaunti na nakala yake kubandikwa mahali pa kazi. Tangu Oktoba 2023 inahitajika kwa mikataba inayozidi dola 5,000. Awali kiwango kilikuwa dola 2,500. Muda si mrefu baada ya kusajiliwa, mama huyu alipokea kwa posta iliyosajiliwa karatasi kutoka kampuni ya vifaa ambayo hakuwahi kuisikia, ikimwarifu kwamba imeleta bidhaa kwenye nyumba yake na kwamba ina haki juu ya mali yake. Alidhani ametapeliwa. Karatasi hiyo ni ya kawaida. Sheria ya Florida inamruhusu muuza vifaa au fundi mdogo ambaye hana mkataba na mwenye nyumba adai deni lake dhidi ya nyumba yenyewe ikiwa mkandarasi hakumlipa, na ili kulinda haki hiyo anatakiwa kumpelekea mwenye nyumba notisi ndani ya siku 45 tangu aanze kuleta vifaa au kufanya kazi. Mwenye nyumba aliyemlipa mkandarasi fedha zote anaweza kulazimika kulipa mara ya pili. Kinga ni kumtaka mkandarasi, kwa kila malipo, alete hati ya kuachilia dai kutoka kwa kila aliyetuma notisi kama hiyo, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mkandarasi ale kiapo cha maandishi kwamba amewalipa wote. Alifanya hivyo, na muuza mabati akasaini.

Ukaguzi wa kazi yenyewe ulipita bila mengi ya kusimulia, isipokuwa mahali pamoja. Baada ya kuezua, plaiwudi yote ilipigiliwa upya kwa misumari yenye pete kwenye shina, kila inchi sita, na kila inchi nne kwenye ncha za kuta za pembetatu. Plaiwudi iliyooza ilikuwa zaidi ya ile iliyokisiwa na mkaguzi wa bima, na hapo mkataba ulisaidia kwa sababu ulitaja bei ya kila ubao wa ziada. Mikataba isiyotaja bei hiyo ndiyo huzaa ugomvi, maana mwenye nyumba hujulishwa gharama wakati nyumba haina paa na wingu limeshatanda. Juu ya plaiwudi ulilazwa utando wa lami unaojigandisha, ambao ni kizuizi cha pili cha maji endapo bati litang'oka. Mkaguzi wa mji alikuja kutazama misumari kabla haijafunikwa, akaja tena mabati yalipokuwa yakiendelea kuwekwa, na mara ya mwisho kazi ilipokamilika. Ukaguzi huo wa mwisho si wa hiari. Kibali ambacho kazi yake imesimama au kutelekezwa kwa siku 180 hubatilika, na kibali kisichofungwa hubaki katika rekodi za nyumba, kikimngoja mwenye nyumba siku atakayotaka kuuza.

Lilibaki jambo la mikanda ya chuma inayofunga kenchi kwenye mkanda wa zege wa juu ya ukuta. Kwa nyumba za zamani zenye bima ya dola 300,000 au zaidi katika maeneo ya upepo mkali, sheria inataka maungio haya yaimarishwe paa linapoezekwa upya, lakini haimlazimishi mwenye nyumba kutumia kwa kazi hiyo zaidi ya asilimia 15 ya gharama ya kuezeka. Kwa mkataba wa dola 30,000, kwa mfano, kikomo ni dola 4,500. Nyumba kuu ilikuwa na mikanda tangu mwaka 1979, ikaongezewa mingine kwenye ncha na pembe. Chumba cha nyuma hakikuwa na mkanda hata mmoja: boriti zake zilishikizwa kwa misumari iliyopigwa mshazari tu. Kikomo cha asilimia 15 kilifikiwa wakati upande mmoja tu wa chumba hicho umefungwa, na mkandarasi, kwa haki yake, akasimama hapo.

Kibali kilifungwa, na mama huyu akaita mkaguzi mwingine ajaze fomu ya jimbo ya kinga dhidi ya upepo, OIR-B1-1802, ambayo kampuni za bima za Florida zinalazimika kuizingatia katika kutoa punguzo. Namba ya kibali na tarehe ya kukiomba ziliandikwa katika kipengele cha paa, na kupigiliwa upya pamoja na kizuizi cha pili cha maji vikampa punguzo katika vipengele vyake. Lakini katika kipengele cha maungio ya paa na ukuta fomu haiulizi maungio mengi yakoje. Inauliza yaliyo dhaifu kuliko yote ni yapi, na jibu sahihi lilikuwa misumari ya mshazari ya upande mmoja wa chumba cha nyuma. Bima mpya ilipatikana bila punguzo la kipengele hicho. Mkandarasi ameshampa bei ya kufunga mikanda iliyobaki, kazi ambayo itahitaji kibali chake yenyewe kwa kuwa inagusa muundo wa nyumba, na kwa hesabu ya mama huyu punguzo litakalopatikana litairudisha gharama hiyo katika miaka michache ya bima.